Stelingi kafa katikati, makala utaiandikaje?

(Haya niliyasema hapa Tanga mbele ya vijana na wazee wachache, siku tulipokaa pamoja kuimalizia makala ya Psycho ya Wikipedia ya Kiswahili. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimeruka tu pale umeme ulipokatika.)

Shikamoni wazee wangu. Vijana, mambo. Na nyie dada zangu mliowahi viti vya chini ya feni, hongereni, mmejua kuchagua.

Naomba niingie kwenye ule ugomvi moja kwa moja, maana najua nusu ya humu ndani hamkuja kusikiliza habari za Wikipedia, mmekuja kuona nani atashinda. Kwa wale ambao hawakuwepo, ni hivi: tulikuwa tunaandika rasimu ya makala ya Psycho, ile filamu ya Alfred Hitchcock ya 1960, kila mtu kwa muda wake, wengi kwa simu, mambo yakaenda vizuri tu mpaka mmoja wetu kwenye sehemu ya hadithi akaandika kwamba stelingi anauawa bafuni na muuaji ni fulani. Haikupita muda, mwingine akafuta. Wa kwanza akarudisha. Wa pili akafuta tena, na kwenye muhtasari wa kuhariri akaandika "acha umbea watu hatujaiona". Kufika magharibi mmefutana na kurudishiana weee mpaka ukifungua historia ya ukurasa unaona majibizano ya mawifi tupu.

Mie aliyefuta namwelewa, tena namwelewa sana. Sisi tumekulia kwenye vibanda umiza jamani, tumekaa kwenye mabenchi tumebanana, DJ anaisimulia muvi kwa Kiswahili juu ya sauti yao, na sheria ya kwanza uliyoikuta mle ndani ni kwamba stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, ghorofa litamwangukia, ila hafi, na ukiona amekufa basi tafuta ndala zako muvi imeisha. Na mtu anayekuambia mwisho wakati wewe umeshatoa hela yako mlangoni, huyo ni wa kufukuzwa. Hitchcock mwenyewe alikuwa upande huo. Psycho ilipotoka aliweka sharti kwamba filamu ikishaanza mtu asiingizwe ukumbini, mabango yakawekwa nje ya sinema kabisa, na hii ni Marekani ya zama ambazo watu walizoea kuingia katikati ya filamu, wanakaa, inaanza upya, wakifika pale walipoikuta wananyanyuka wanaondoka zao. Alikuwa na sababu nzuri, maana Janet Leigh ni mwigizaji mwenye jina, mtu akichelewa atakaa pale anamsubiri Janet Leigh atokee na Janet Leigh keshauliwa kitambo.

Sasa hiyo ni haki ya Hitchcock, alikuwa anauza tiketi. Sisi hatuuzi tiketi. Mtu anayefungua Wikipedia kutafuta Psycho labda ni mwanafunzi, labda ni mtu kaona imetajwa mahali anataka kujua kwa nini filamu ya zamani hivyo, haina hata rangi, bado inazungumzwa. Huwezi kumjibu huyo bila kumwambia kwamba Marion Crane, ndo huyo Janet Leigh, ambaye tumemwona akiiba dola 40,000 za mteja wa bosi wake kule Phoenix, Arizona, tukamfuata barabarani na mvua yake na wasiwasi wake wote tukidhani hadithi ni ya kwake, anachomwa kisu kabla filamu haijafika hata nusu, afu tunaachiwa yule kijana mpole mwenye moteli, Norman Bates, na hatujui tena tumshikilie nani. Hilo ndo jambo lenyewe ati! Ukilificha unabaki na makala inayosema kuna dada aliiba hela akalala gesti, mengine jioneeni. Hilo tangazo.

Wenzetu wa Wikipedia ya Kiingereza walishagombana hili zamani, walikuwa mpaka na vibao vya kumtahadharisha msomaji kwamba mbele hapa kuna mwisho wa hadithi, wakaja kuviondoa, kwa hoja ambayo mie naikubali: sehemu inaitwa "Hadithi", sasa ulitegemea ukute nini mle? Kwa hiyo sisi tufanye hivi. Mwisho unaandikwa, wote, bila kona. Ila unakaa kwenye sehemu ya hadithi, usiutupe kwenye sentensi ya pili ya makala ambapo hata aliyekuja kuangalia mwaka tu unamkuta. Na usirefushe, wenzetu wanajiwekea maneno kati ya 400 na 700 kwa filamu nzima na nadhani inatosha, kuna kijana hapa kaandika hadithi ya Psycho mpaka namna wiper za gari zinavyofuta mvua, nimeipenda lakini siyo hapa.

Haya, jini.

Mnacheka, lakini hili nimeliwazia kuliko yote. Kuna mtu aliandika kwenye rasimu hivi, nanukuu kama ilivyo: "Norman alikuwa amepandwa na jini la mamake ndo maana akiwa nalo anavaa nguo za mamake na kuua". Mwingine akaja akafuta akaandika "Norman alikuwa kichaa". Wa tatu akaweka jina refu la ugonjwa la Kizungu, kalitoa sijui wapi. Kila mmoja anaona yeye ndo kaiweka sawa, na kila mmoja ana watu humu ndani wanaomuunga mkono, nawaona.

Tazameni filamu inasema nini. Mwishoni kabisa, Norman ameshakamatwa, anakuja daktari wa magonjwa ya akili anasimama mbele ya watu anaeleza: Norman alimuua mama yake na mpenzi wa mama yake kwa sumu miaka kama kumi nyuma, hakuweza kuibeba hatia, akaiba maiti akaihifadhi, na katika akili yake akampa mama nusu ya maisha yake, anaongea kwa niaba yake, anamjibu, na kila anapovutiwa na mwanamke ule upande wa mama unaingia wivu unaua. Ndicho kilichosemwa. Kwa hiyo makala yetu inaandika: "daktari wa akili katika filamu anaeleza kwamba nafsi ya Norman imegawanyika, na nafsi ya mama ndiyo iliyobaki ikitawala." Tumemtaja nani kasema, tumesema kasema nini, tumeondoka. Jini ni tafsiri yako, kichaa ni tusi, na hilo jina la ugonjwa daktari wa kwenye filamu hakulitamka, labda uwe na mtaalamu aliyeandika kitabu au makala akasema Norman ana ugonjwa huo, hapo tutaandika "kwa mujibu wa fulani". Na nyie wa jini msinune, mtu akija kufanya utafiti wake jinsi watazamaji wa pwani wanavyoielewa Psycho, akauchapisha, jini litaingia kwenye makala kwa heshima zote na tanbihi yake juu.

Sentensi ya kwanza sitaikalia sana. Ilianza "Hii ni muvi kali sana ya kutisha ya 1960 ambayo kila mtu lazima aione kabla hajafa". Sa hivi inasomeka "Psycho ni filamu ya kusisimua na kutisha ya Marekani ya mwaka 1960, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock, kutokana na riwaya ya Robert Bloch ya 1959." Aliyeiandika ile ya kwanza alilalamika kwamba tumeua ladha. Kaka, ukali wa muvi uonyeshe: andika kwamba mwaka 1992 iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa, andika kwamba iliteuliwa kwa Oscar nne ikatoka kapa, na Janet Leigh akapata Golden Globe. Msomaji atajua mwenyewe kama kali au si kali. Na jina la makala tuweke na mwaka, kwa sababu kuna Psycho nyingine ya 1998 ya Gus Van Sant, aliyeirudia ile ya kwanza karibu picha kwa picha, watu watazichanganya.

Sasa bafuni. Kila mtu anataka kuandika bafuni, sehemu ya waigizaji haina mwenyewe na sehemu ya bafuni ina wahariri wanapandana. Ndo pia sehemu yenye uongo mwingi maana kila mtu duniani ana stori yake kuhusu ile bafu, kwa hiyo twende taratibu.

Mmoja kaandika tukio lile ni la sekunde 45, mwingine kabadilisha kaweka dakika 3, na nyie mnafutana bila kuulizana mmeanzia wapi kuhesabu. Kisu peke yake, kuanzia pazia linapovutwa, ni suala la sekunde. Ukianzia Marion anapofungua maji mpaka kamera inapoliacha lile jicho, umeshafika dakika kadhaa. Wote mpo sawa! Sema tu umehesabu nini. Kuna namba nyingine inayopendwa, 78 na 52, kamera kupangwa mara 78 na picha kukatwa mara 52, mpaka ikapewa filamu nzima ya makala mwaka 2017 inayochambua tukio hilo tu, hiyo iwekeni na muitaje. Damu ni sharubati ya chokoleti, kwa sababu filamu ni nyeusi na nyeupe, hakuna wa kuona rangi, hilo halina ubishi. Ubishi ni chokoleti ya kampuni gani, vyanzo havipatani, kwa hiyo andikeni sharubati ya chokoleti basi, hatumfanyii mtu biashara hapa. Sauti ya kisu ni kisu kweli kinachomwa kwenye tikiti, siyo hili tikitimaji letu, ni aina nyingine, Stephen Rebello kaieleza kwenye kitabu chake cha 1990 kuhusu namna Psycho ilivyotengenezwa na hicho kitabu ndo tutakuwa tunakiegemea mara nyingi.

Afu kuna nani aliongoza tukio lile. Hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo mtajifunza kazi. Saul Bass ndiye aliyebuni yale maandishi ya mwanzo wa filamu na ndiye aliyechora michoro ya tukio la bafuni picha moja moja kabla halijapigwa. Hilo linakubalika. Miaka baadaye Bass akasema siyo michoro tu, yeye ndiye aliyeliongoza tukio lenyewe. Janet Leigh, ambaye ndiye aliyekuwa amelowa pale, akakataa, akasema aliyekuwa anamwongoza ni Hitchcock. Msaidizi wa mwongozaji, Hilton Green, naye akakataa. Sasa mhariri mmoja wetu anampenda Bass, kaandika "tukio hilo liliongozwa na Saul Bass ingawa Hitchcock alichukua sifa". Mwingine kafuta jina la Bass lote, hata michoro hakuna. Wote wawili mmetuletea hukumu na hakuna aliyewapa uhakimu. Kinachoandikwa ni kwamba Bass alichora, kwamba baadaye alidai aliongoza, kwamba Leigh na Green walikanusha, kila neno na chanzo chake, na uzito usilingane kwa nguvu kama vyanzo havilingani: waliokuwepo wakakanusha ni zaidi ya mmoja, msomaji ana haki ya kuliona hilo. Ukishaandika hivyo unaweza kuendelea kumpenda Bass nyumbani kwako.

Muziki ni wa Bernard Herrmann na nimeomba wale wa taarabu waichukue sehemu hii kwa sababu ni nyuzi tupu, fidla na ndugu zake, hakuna tarumbeta hakuna ngoma, na mtu aliyezoea kuisikia fidla ikibembeleza kwenye taarabu ataelewa ni maajabu kiasi gani kuifanya ipige kelele vile. Hitchcock alitaka bafuni pasiwe na muziki kabisa. Herrmann akaandika hivyo hivyo, akamsikilizisha, mzee akabadili mawazo. Hiyo nayo ipo kwenye vyanzo, mziandike zote mbili, kwamba alikataa na kwamba alikubali.

Bajeti: kama dola 800,000 na ushei, kidogo kwa mtu wa hadhi yake, alitumia mafundi wa kipindi chake cha televisheni, studio ya Paramount hawakuwa na hamu na filamu ile ndo maana akakubali kuacha mshahara wake wa kawaida achukue sehemu kubwa ya umiliki. Akatajirika. Mapato msiyaweke mpaka tupate chanzo kinachosema ni ya nchi gani na ya mpaka lini, maana namba zinazozunguka huko ni mchanganyo.

Picha. Bango la filamu likiwa na hakimiliki, Commons, lile ghala la picha huru la Wikipedia, hawalipokei, msipakie mkidhani hakuna anayeona. Kuna kijana kaleta picha kutoka kwenye trela, kaandika chini yake "Janet Leigh bafuni". Nikamwambia itazame tena. Ile trela ni ndefu, zaidi ya dakika sita, Hitchcock mwenyewe anakutembeza kwenye nyumba na moteli anakuonyesha hiki na kile, mwisho anavuta pazia la bafu na mwanamke anapiga kelele, na mwanamke yule ni Vera Miles, aliyecheza kama dada yake Marion. Kwa hiyo trela yenyewe inakudanganya, na maelezo ya picha yetu nusura yaendeleze uongo wa miaka 60 na kitu.

Mzee wangu pale mbele, sijakusahau. Mzee ametusimulia wiki ile kwamba yeye Psycho aliiona hapa hapa Tanga, sinema ya Majestic, kijana kabisa, na kwamba kilipotoka kisu watu wa viti vya mbele walisimama wote, kuna waliopoteza viatu. Na vijana wameniuliza, hii tunaiweka? Maana kwa kweli hakuna Wikipedia nyingine yoyote itakuwa nayo.

Jibu ni kwamba hatuiwezi kuiweka leo, na naomba mzee unielewe, simaanishi hatukuamini. Wikipedia haipokei nililolisikia wala nililoliona, inapokea kilichochapishwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kwenda kukisoma. Kwetu sheria hiyo inauma zaidi kuliko kwao, kwa sababu sinema zao ziliandikwa kila siku magazetini na za kwetu zimebaki vichwani mwa wazee. Lakini njia ipo. Laura Fair, mwanahistoria, alikaa na watu wa miji ya Tanzania akawauliza sinema walikuwa wanakwenda wapi, na nani, wamevaa nini, akaandika kitabu kizima, Reel Pleasures, kimetoka 2018, na maneno ya wazee wale leo yanatajwa na mtu yeyote kwenye makala yoyote. Mazungumzo yakishachapishwa kwa utaratibu yanakuwa chanzo. Na jambo la pili, magazeti ya wakati ule, Tanganyika Standard na Ngurumo, tuyatafute tuone kwenye kurasa zake kama kuna tangazo lolote la filamu hiyo, sinema ipi, tarehe ngapi. Mwenye ndugu Chuo Kikuu Dar amwombe aingie maktaba ya East Africana atazame. Tukipata hata mstari mmoja tunauweka, na stori ya viatu inaendelea kusubiri mwandishi wake.

La mwisho, namna ya kugombana, maana kugombana mtagombana. Ukifutwa usirudishe kwa hasira. Nenda ukurasa wa majadiliano, eleza kwa nini, weka chanzo, saini kwa viwimbi vinne vile (~~~~) ili jina lako na saa vitokee, usubiri. Subira yenyewe ni siku, siyo dakika, mwenzio labda yuko baharini. Ukichukua kitu Wikipedia ya Kiingereza ukakitafsiri, ruhusa unayo, ila lazima uandike kwenye muhtasari kwamba umekitoa huko, leseni yao inadai hivyo, na usiweke tafsiri ya mashine ukaiacha kama ilivyo, nimekuta sehemu Norman Bates anaitwa "yeye mwanamke" na hapo kwenye Psycho unaweza kumchanganya mtu vibaya sana. Na mtu mgeni akiharibu usimtukane, Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na tatizo lake kubwa siku zote ni watu. Wahariri wengi ni wale wa waja leo waondoka leo, tofauti na wageni wa Tanga hawa kweli wanaondoka.

Haya, kazi. Wawili mliokuwa mnafutana mnakaa meza moja, mnaandika sehemu ya hadithi pamoja kwa kompyuta moja, mwisho wa filamu ukiwemo, maneno yasizidi 700. Dada zangu wa feni mnachukua muziki. Wa jini, nakupa waigizaji: Anthony Perkins, Janet Leigh, Vera Miles, John Gavin, Martin Balsam, kila mtu na jina la mhusika wake, linki zake zikague kwanza. Aliyeandika wiper za gari anachukua utengenezaji, kipaji chake kitafaa huko, ila kila aya iwe na tanbihi. Mpenzi wa Saul Bass haruhusiwi kugusa Saul Bass. Mzee atakaa na mie tuandike orodha ya sinema zote za Tanga anazozikumbuka na mitaa zilipokuwa, ili anayekwenda Dar ajue anatafuta nini. Nani hajafungua akaunti bado?